Goti la Bi Mkubwa: Uchambuzi wa Mazoezi Yaliyofanywa kwa Uaminifu na Yasifae

Karatasi ilikuwa imekunjwa mara nne na kuhifadhiwa ndani ya kopo la biskuti, pamoja na vidonge vya presha na risiti za duka la dawa. Bi Mkubwa aliitoa, akaikunjua juu ya paja lake, akaipapasa kwa kiganja mpaka mikunjo ikalala, kisha akanikabidhi. Ilikuwa na michoro sita ya mazoezi ya goti, nakala iliyotolewa kwenye nakala nyingine, na ilikuwa imefifia kiasi kwamba mtu wa mchoro wa nne hakuwa na kichwa. Chini ya kila mchoro paliandikwa maneno mawili tu: mara kumi. “Nimeyafanya yote, mwanangu,” aliniambia, “asubuhi na jioni, miezi mitatu, wala sikuruka siku. Goti ni lile lile.”

Mimi ni mtaalamu wa tiba ya viungo, au kama tunavyoitwa mitaani, mtu wa fizio. Ninakiandika kisa hiki kwa idhini yake, kwa sababu lalamiko lake ndilo ninalolisikia zaidi hapa Mombasa: mgonjwa hakuyapuuza mazoezi, bali aliyafanya kama alivyoagizwa, na hayakumsaidia. Nitamwita Bi Mkubwa, kama wanavyomwita wanawe, na mambo mawili matatu ambayo yangemtambulisha nimeyabadilisha.

Alikuwa na umri wa miaka 61 na uzito wa kilo 84. Anaishi Kibokoni, katika Mji wa Kale, ghorofa ya pili ya nyumba ambayo ngazi zake ni nyembamba na zimesimama kama zilivyo ngazi nyingi za nyumba za pale. Nilizihesabu siku hiyo, vipandio 27, na mahali pa kushikia pana kamba iliyofungwa ukutani. Kwa zaidi ya miaka ishirini alikuwa akiamka usiku kukanda unga wa mahamri na kuyauza asubuhi chini ya nyumba, pamoja na mbaazi za nazi. Goti la kushoto lilianza kumsumbua miaka minne kabla ya mimi kufika, bila ya kuanguka wala kugongwa. Lilimuuma zaidi anaposhuka ngazi kuliko anapopanda, na zaidi ya hayo yote lilimuuma anapoinuka kwenye mbuzi baada ya kukuna nazi. Asubuhi lilikuwa gumu kwa muda wa dakika kumi hivi, kisha likalegea. Lilikuwa likilia, yaani linatoa sauti ya kukwaruza kila anapolikunja. Nilimwuliza kuhusu homa, kuhusu goti kuwa jekundu na la moto, kuhusu kukwama lisikunjuke, kuhusu maumivu ya kumwamsha usiku na kuhusu uvimbe wa shavu la mguu. Hakuwa na lolote kati ya hayo, na lau angekuwa nalo, ningemrudisha kwa daktari kabla ya kumgusa.

Alikuwa amepigwa picha ya eksirei, na aliyeisoma alimwambia maneno ambayo kila mtu wa pwani ameyasikia: mafuta ya goti yamekwisha, mifupa inasagana. Maneno haya mimi nayahesabu kuwa sehemu ya ugonjwa wake, maana yalimfanya aishi na goti kama mtu anavyoishi na taa ya chemni usiku ambao mafuta yamebaki kidogo na duka limefungwa: aliipunguza tambi. Kwanza biashara ya mahamri alimwachia bintiye. Kisha akaacha kushuka kila siku, akawa anashuka mara mbili kwa juma, na vitu vya sokoni akivivuta kwa kikapu na kamba kutoka roshani, muuzaji akimtilia mchicha na ndimu huko chini. Kisha akahamia kwenye kiti kwa ajili ya sala, na hilo ndilo lililomuuma moyo kuliko yote, kwa kuwa alihisi amezeeka kabla ya wakati. Kila hatua aliyoipunguza ilikuwa na hoja yake, na kila moja iliudhoofisha mguu kidogo zaidi.

Nilipompima, goti halikuwa na moto, ila lilikuwa na maji kidogo, ambayo yalionekana nilipoyasukuma kutoka upande mmoja wa pia ya goti yakajitokeza upande wa pili. Paja la kushoto, nilipolizungushia utepe sentimita 15 juu ya pia, lilikuwa jembamba kuliko la kulia kwa sentimita mbili. Nilimwomba akae kwenye kiti cha kawaida, avuke mikono kifuani, asimame na kukaa mara nyingi awezavyo kwa sekunde 30. Kipimo hiki hutumika katika nchi nyingi, na mwanamke wa miaka 60 hadi 64 anayesimama chini ya mara 12 huhesabiwa kuwa yuko chini ya wastani wa rika lake. Bi Mkubwa alisimama mara saba, na mara mbili za mwisho aliegemea upande wa kulia mpaka nikasogea kumdaka. Aliposimama kwa mguu wa kushoto pekee, kiuno kilishuka upande wa kulia. Misuli ya nyonga nayo ilikuwa imelala.

Ugonjwa wenyewe haukuhitaji kubahatisha. Mwongozo wa kitaifa wa Uingereza uliotolewa mwaka wa 2022 unasema kwamba mtu wa miaka 45 au zaidi, mwenye maumivu yanayofuata matumizi ya kiungo, na ambaye ugumu wa asubuhi hauzidi nusu saa, anaweza kutambuliwa kuwa ana osteoathraitisi, yaani ugonjwa wa kuchakaa kwa viungo, bila hata ya picha. Mwongozo huo huo unaweka mazoezi ya tiba mbele kwa kila mgonjwa wa aina hii, na unaagiza aambiwe mapema kwamba maumivu yanaweza kuzidi kidogo mwanzoni. Bi Mkubwa hakuambiwa hilo na mtu.

Kabla ya kugusa zoezi lolote, ilibidi tuyazungumze hayo mafuta. Gegedu, yaani ule utando mgumu na laini kwa juu unaofunika ncha za mifupa ndani ya goti, halina mishipa ya damu. Chakula chake hutoka katika ute wa goti, na ute huo huingia na kutoka kadiri gegedu linavyobanwa na kuachiliwa, mfano wa dodoki la kuogea linavyonyonya maji ukilikamua na kuliacha. Goti lisilobanwa halitunzwi. Ni kweli kwamba gegedu la Bi Mkubwa limepungua, na sikumficha, wala sikumwahidi kwamba mazoezi yataliotesha upya. Hata hivyo wapo watu ambao picha zao ni mbaya kuliko yake na wanashuka mteremko wa feri ya Likoni asubuhi na jioni bila kulalamika, na wapo ambao picha zao ni safi na hawalali kwa maumivu. Alinisikiliza, akasema, “Basi hilo la mafuta ni uongo?” Nikamwambia si uongo wote, ila ni nusu ya habari, na nusu iliyobaki ndiyo aliyonyimwa.

Sasa nirudi kwenye karatasi. Nilimwomba alale kitandani anionyeshe zoezi lililomo kwenye mchoro wa kwanza, la kunyanyua mguu ulionyooka, na nikamwomba asiishie kumi, aendelee mpaka mguu ukatae. Alifika 38 akaacha. Alichoka kuhesabu, mguu haukuwa umechoka. Hapo kisa chote kilikuwa wazi. Kwa miezi mitatu alikuwa anauomba msuli kitu ambacho msuli ulikuwa unaweza kukifanya karibu mara nne ya alichoagizwa, na msuli usiobanwa na haja hauna sababu ya kukua. Jambo hili lilijulikana zamani. Mwaka wa 1945 daktari wa jeshi la Marekani, Thomas DeLorme, aliyekuwa akitibu wanajeshi mjini Chicago, wengi wao wakiwa na magoti yaliyoumia na mapaja yaliyokonda, aliandika kwamba mazoezi mepesi ya kurudiarudia hujenga ustahimilivu, ilhali nguvu hutokana na uzito ambao mtu anaumudu kwa mara kumi tu, na ambao unaongezwa kila nguvu inapoongezeka. Wagonjwa wake walivaa kiatu cha chuma kilichofungiwa vyuma vya uzito. Tofauti ya “mara kumi” ya DeLorme na “mara kumi” ya karatasi ya Bi Mkubwa ni kwamba ya kwanza ilikuwa kipimo cha ugumu, na ya pili ilikuwa hesabu tu. Aliyeiandika karatasi hiyo labda aliyakumbuka maneno akaisahau maana yake, na sisi tulio katika kazi hii tunazitoa karatasi za namna hiyo kila siku kwa kuwa foleni ni ndefu.

Lilikuwapo jambo la pili, ambalo karatasi haikulijua. Maji yanapojaa ndani ya goti, hata yakiwa machache, mishipa ya fahamu hupeleka habari kwenye uti wa mgongo, na uti wa mgongo hujibu kwa kuuzima msuli wa mbele ya paja. Watafiti walioingiza maji ya chumvi katika magoti ya watu wazima wenye afya waliliona hili, na utafiti wa mwaka wa 1984 ulikuta kwamba sehemu ya ndani ya msuli huo huanza kuzimika kwa mililita 20 hadi 30, ambayo ni kama vijiko viwili vya mezani. Ndiyo maana wagonjwa husema goti “linaniachilia” ghafla kwenye ngazi. Goti lenyewe ni zima, ila msuli umepewa amri ya kunyamaza. Kwa hiyo juma la kwanza na la pili tulianza na kuyapunguza maji: barafu iliyofungwa kwa kitambaa dakika 15 baada ya kazi, mguu kuinuliwa alasiri, na mbuzi ya nazi kuwekwa juu ya meza fupi ili aikalie bila ya kukunja goti mpaka mwisho. Seremala wa mtaani aliifanya kazi hiyo, na Bi Mkubwa alilalamika kwamba nazi inaruka. Inaruka kweli.

Mazoezi niliyapunguza kutoka sita hadi manne, yafanywe siku tatu kwa juma, na siku moja ya kupumzika katikati. La kwanza lilikuwa kusimama na kukaa kwenye kiti cha plastiki, lakini juu ya kiti tuliweka mito miwili ili asishuke sana. Ashuke kwa hesabu ya tatu, asijitupe, makalio yaguse tu kisha ainuke. Mara nane, apumzike, arudie mpaka seti tatu. Mito ile ndiyo iliyokuwa mizani yetu: seti ya tatu ikiwa nyepesi, mto mmoja unaondolewa, na ikiwa nyepesi tena, wa pili unafuata, kisha anashika pakiti ya unga ya kilo mbili kifuani. La pili lilikuwa kukunjua goti akiwa amekaa, na kifundo cha mguu kimefungwa kifuko alichokishona kwa kipande cha leso kuukuu na kukijaza mchanga, kilo moja kwanza. La tatu lilikuwa kulala chali na kuinua makalio, kwa ajili ya nyonga.

La nne ni lile nililolisimamia zaidi, nalo ni la ngazi. Watu wengi hushangaa kwamba kushuka kunauma kuliko kupanda. Mwaka wa 2010 watafiti wa Berlin walichapisha vipimo vya wagonjwa watano waliowekewa magoti ya bandia yenye vihisi ndani yake. Kutembea pahali tambarare kuliliwekea goti mzigo wa takriban asilimia 261 ya uzito wa mwili, kupanda ngazi asilimia 316, na kushuka asilimia 346. Kwa mtu wa kilo 84, hiyo ya mwisho ni kama kilo 290 juu ya goti moja kwa kila kipandio. Zaidi ya hayo, anayeshuka anautumia msuli wa paja kama breki, msuli ukirefuka huku unavuta, na kazi hiyo hufunzwa kwa kuifanya yenyewe, si kwa kulala kitandani. Tukaanzia kipandio cha mwisho kabisa, kile cha chini, ambacho kimeliwa na nyayo mpaka kimekuwa na bonde katikati. Bi Mkubwa alisimama juu yake, mkono wa kulia kwenye kamba, akateremsha mguu wa kulia polepole mpaka kisigino kikagusa sakafu kama mtu anayejaribu maji ya kuoga, kisha akaurudisha. Nilimwomba atazame goti la kushoto na kidole cha pili cha mguu, viende njia moja. Mara tatu za mwanzo goti liliingia ndani, likitetemeka. Mara ya nne alilisukuma nje kwa kukaza makalio, na kutetemeka kukapungua; akaniangalia kana kwamba nimemchezea mazingaombwe.

Suala la maumivu tulilipangia kanuni, kwa sababu bila kanuni mgonjwa hufuata hofu. Kati ya sifuri na kumi, maumivu ya hadi tano wakati wa zoezi yanakubalika, ilimradi yarudi yalikokuwa ndani ya siku moja. Kipimo chake kilikuwa alfajiri: anapoinuka kwa ajili ya sala, goti liko kama alfajiri ya jana au limezidi? Likiwa sawa, aendelee. Likiwa limezidi, apunguze seti moja au arudishe mto, asiache.

Kwa juma nne mambo yalikwenda vizuri, na kwenye kiti alifika mara kumi kwa sekunde 30. Juma la tano ikaja harusi ya mpwa wake. Nazi za pilau na za mbaazi, kwa siku mbili, alizikuna yeye, kwenye mbuzi ya jirani iliyo chini, kwa sababu aliona haya kuwaambia wanawake wenzake kwamba yeye hukalia mbuzi ya mezani. Goti likavimba. Alinipigia simu, nami nikamwambia apumzike kabisa mpaka uvimbe uishe. Kosa hilo ni langu. Nilikuwa nimemtungia kanuni ya kupunguza bila kuacha, kisha kwa neno moja la simu nikaivunja mwenyewe, na mapumziko ya siku tatu yakawa majuma mawili na nusu. Nilipomrudia, misuli ilikuwa imepoteza kidogo tu, alisimama mara tisa. Kilichopotea kwa wingi ni ujasiri. Kikapu na kamba vilikuwa vimerudi kazini. Ilituchukua juma zima kumshawishi akanyage tena kile kipandio cha chini, na nadhani laiti ningemwambia siku ile aendelee na kiti chenye mito miwili, seti moja tu, tusingepoteza hata nusu ya muda huo.

Mambo mengine nitayapitia haraka. Bintiye alikuwa akilichua goti kwa mafuta ya habasoda kila usiku. Sikumkataza, maana linatuliza na linawapa nafasi ya kuzungumza, ila nilimwambia mafuta hayajengi paja. Vidonge vya maumivu vya diklofenaki alivyokuwa akijinunulia nilimwomba avipeleke kwa daktari wake wa presha, kwa kuwa dawa za jamii hiyo hupandisha shinikizo la damu na kuumiza figo na tumbo, na daktari akambadilishia ya kupaka. Kuna ndugu aliyemshauri apigwe sindano ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, ndani ya goti kila miezi mitatu. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka wa 2017, uliowafuata wagonjwa 140 kwa miaka miwili kwa ratiba hiyo hiyo, ulikuta gegedu la waliopigwa steroidi limepungua zaidi kuliko la waliopigwa sindano ya maji ya chumvi, na maumivu hayakutofautiana. Sindano moja wakati wa dhiki ni habari nyingine, lakini si ratiba ile. Kuhusu uzito, inajulikana kwamba kila kilo moja inayopungua hulipunguzia goti mzigo wa kilo nne hivi kwa kila hatua, na nilimweleza. Alipunguza kilo tatu. Mtu anayeonja mahamri kila alfajiri kujua kama iliki imetosha, kilo tatu si haba.

Juma la 18 nilimpima tena. Mara 13 kwenye kiti, bila kuegemea upande. Paja la kushoto lilikuwa limerudisha sentimita moja. Maumivu ya kushuka ngazi, ambayo alikuwa akiyapa saba, sasa aliyapa tatu, na siku nyingine mbili. Picha hatukuipiga tena, maana ingeonyesha goti lile lile. Juu ya mswala anasujudu vizuri, lakini katika tahiyatu hawezi kuukalia mguu wa kushoto. Huunyoosha mbele na kuendelea. Nilitumaini tungefika zaidi ya hapo, na bado sijakata tamaa, ila sitaandika kwamba tumefika. Mahamri wanagawana na bintiye, yeye akikanda na binti akikaanga.

Kikapu kimetundikwa jikoni na kimetiwa vitunguu. Siku hiyo aliniteremsha mwenyewe mpaka mlango wa chini, mkono ukiwa karibu na kamba bila kuishika, na kwenye kipandio kilicholiwa akasimama. Alikuwa amekuja na kile kifuko cha leso, ambacho sasa kina kilo nne na mshono wake wa pembeni umeanza kuachia. “Huu umekuwa mwepesi, mwanangu,” akasema. “Nishone kifuko kikubwa, au niongeze mara?” Nikamwambia ashone kikubwa.